Mwalimu Aliyeweka Chaki Chini Asiwaache Watoto

(Hotuba ya katekista mbele ya Wakristu na walimu wa Mpitimbi, katika sherehe za Jubilei)



Nimepewa kazi ya kusema machache juu ya walimu waliostaafu, na hasa wale waliowafundisha vijana michezo baada ya saa za darasa. Kazi hii ni njema, lakini si nyepesi. Kila mmoja wetu hapa anaye mwalimu wake moyoni, na kama nikitaja jina la mmoja, wengine kumi watauliza kwa nini wa kwao ameachwa. Walimu wetu wa Mpitimbi mnawajua. Wengine wamelala makaburini, na wengine wameketi nasi leo katika safu ya mbele, wameshika fimbo zao za kutembelea. Hao mtawataja ninyi wenyewe mkirudi nyumbani, maana sifa za mwalimu husemwa vizuri zaidi na yule aliyeketi mbele yake. Mimi nimechagua mwalimu mmoja wa mbali, ambaye habari zake zimeandikwa na kujulikana duniani, ili awe kwetu kama kioo. Tukimtazama yeye, natumaini tutawaona na walio wetu.

Mwalimu huyo ni Bruda Colm O'Connell wa Iten, katika nchi jirani ya Kenya.

Alizaliwa Ayalandi, kisiwa kilicho upande wa magharibi wa Uingereza. Yeye ni mtawa wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, lililoanzishwa na Askofu Daniel Delany katika mji wa Tullow mwaka 1808, kwa ajili ya kuwafundisha watu dini na elimu. Bruda, kama mjuavyo, si padre. Hasomi misa wala haungamishi. Sisi watu wa Songea hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili, maana tumewaona mabruda wa Peramiho wakipiga randa, wakijenga kuta na kutengeneza mitambo, na tumejifunza kwao kwamba mtu aweza kumtumikia Mungu kwa mikono yake na kwa jasho lake. Mabruda wa Mtakatifu Patrisi wao kazi yao ni shule. Huko Iten walifungua shule ya sekondari ya wavulana, nayo yaitwa kwa jina la Mtakatifu huyo huyo.

Iten ni mji mdogo ulio juu ya ukingo wa Bonde la Kerio, mahali pa urefu wa mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna baridi kama ile ya milima ya Umatengo, na zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, hata mgeni akipanda kilima kidogo huhema kama mtu aliyebeba gunia la mahindi. Bruda Colm alifika mahali hapo mwaka 1976, angali kijana, kufundisha jiografia.

Sikilizeni vema neno hili, ndugu zangu, maana ndipo penye mzizi wa habari yote: hakuja kufundisha mbio. Huko kwao hakuwa mkimbiaji wa sifa, wala hakuwa amesomea kazi ya kuwafundisha wakimbiaji. Alikuta shuleni mwalimu mmoja wa Kiingereza, Peter Foster, akiwafundisha wanafunzi mbio. Huyo Foster alikuwa na ndugu yake, Brendan Foster, aliyepata medali ya shaba ya mbio za mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka ule ule wa 1976. Bruda Colm akawa msaidizi wake. Hata Foster alipoondoka, kazi ile ikabaki bila mwenyewe, naye Bruda akaiokota.

Basi mtu asiyejua jambo afanyeje, akipewa kulifundisha? Wapo wajifanyao kujua, wakapiga kelele nyingi uwanjani ili wanafunzi wasipate nafasi ya kuuliza. Bruda Colm alitwaa njia nyingine. Aliwatazama watoto. Alitazama namna wanavyokanyaga, namna wanavyopumua, namna mabega yao yanavyokaa wakiisha kuchoka. Aliwauliza wao wenyewe wanajisikiaje, akayashika waliyomjibu. Ndiyo maana husemwa kwamba wanafunzi wake ndio waliomfundisha kazi. Walimu wenzangu, hapo pana fundisho kwetu. Kutojua si aibu ya mwalimu. Aibu ni kukaa karibu na mtoto miaka saba na usimtazame hata siku moja.

Tena kazi ile aliifanya muda mrefu pasipo mtu wa kuiona. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilikataa kushiriki Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Wazee wanakumbuka jinsi Filbert Bayi wetu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alivyokosa nafasi ile kwa ajili ya heshima ya Afrika. Mwaka 1980 Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Kenya haikwenda. Hivyo tangu mwaka 1972 hata mwaka 1984 Wakenya hawakuonekana katika Olimpiki hata moja. Miaka hiyo yote Bruda Colm alikuwa akisimama uwanjani jioni na saa mkononi, pasipo mtu wa magazeti, pasipo zawadi, pasipo mtu wa kumwambia kwamba kazi yake itazaa. Alifundisha jiografia asubuhi, na jioni alifundisha mbio. Kesho yake akaanza tena.

Kisha matunda yakaanza kuiva. Mwaka 1987 Ibrahim Hussein, aliyesoma katika shule ile, alishinda marathoni ya New York. Mwaka 1988 akashinda ile ya Boston, na hapo sisi Watanzania tunayo sababu ya kukumbuka, maana aliyeshindana naye hata mwisho alikuwa Juma Ikangaa wetu. Walikimbia zaidi ya kilometa 42, na Hussein akamtangulia kwa sekunde moja tu. Ikangaa alikuwa wa pili Boston mwaka 1988, na 1989, na 1990. Wala hakukata tamaa, akashinda New York mwaka 1989. Nimemtaja ili vijana wasidhani kwamba Mungu aliwapa Wakenya peke yao miguu.

Mwaka huo huo wa 1988, huko Seoul, Korea ya Kusini, Peter Rono, kijana wa miaka 21 aliyetoka shule ya Mtakatifu Patrisi, alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500. Mwaka 1992, huko Barcelona, Matthew Birir alipata dhahabu ya kuruka viunzi na maji. Naye Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark na kuikimbilia nchi hiyo, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, miaka ya 1995, 1997 na 1999. Na mwaka 1997 akaweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 41.11. Pale shuleni iko desturi nzuri: anayeshinda mashindano makubwa hupanda mti katika uwanja wa shule, na jina lake huwekwa hapo. Hakuna sanamu ya mawe. Wanafunzi wadogo hukaa katika vivuli vya kaka zao.

Lakini, ndugu zangu, sikuja hapa kuhesabu medali. Medali ni za wakimbiaji, nao wamezipata kwa jasho lao. Neno langu ni juu ya mwalimu, na sasa nimefika mahali pake.

Katika miaka ya 1990 Bruda Colm aliweka chini kazi ya uongozi wa shule. Alistaafu. Mtu wa namna hiyo, aliyekuja kutoka mbali na kufanya kazi miaka mingi, angalikuwa na haki ya kupanda ndege na kwenda kukaa kwao, akasoma vitabu vyake na kunywa chai yake. Nasi tungalimshukuru, tukamsahau baada ya miaka miwili. Yeye hakuondoka. Alibaki Iten, katika nyumba yake ya kawaida katika eneo la shule, akaendelea kutoka asubuhi kwenda kuwatazama vijana. Tayari tangu mwaka 1989 alikuwa ameanza kambi za likizo, ambazo vijana wa shule mbalimbali walikusanyika kujifunza mbio. Kambi hizo zikawa shamba lake baada ya kustaafu.

Sasa hesabuni pamoja nami. Mwaka 2007, huko Osaka, Japani, Janeth Jepkosgei alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 kwa wanawake. Alikuwa mwanafunzi wa Bruda Colm, naye Bruda alikuwa amekwisha kustaafu. Karibu na mwaka 2005 alikuja kwake kijana wa Kimasai, David Rudisha, ambaye baba yake, Daniel Rudisha, alipata medali ya fedha ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kijana huyu alipenda kukimbia mita 400 kama baba yake. Mwalimu akamtazama, kama alivyozoea kutazama, akaona kwamba ile hatua yake ndefu ingefaa mita 800, akamwambia ajaribu. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwezi wa Agosti 2010, mjini Berlin, akavunja rekodi ya Kipketer iliyokuwa imedumu miaka 13. Hivyo rekodi ilitoka kwa mwanafunzi mmoja wa Bruda Colm, ikaenda kwa mwanafunzi mwingine wa Bruda Colm. Tarehe 9 Agosti 2012, katika Olimpiki ya London, Rudisha alitangulia mbele, akakimbia dakika 1 na sekunde 40.91, pasipo mtu wa kumvutia mwendo. Mbio zile zilikuwa kali hata aliyefika wa nane na wa mwisho alitumia dakika 1 na sekunde 43.77, mwendo ambao ungalitosha kupata dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, Rudisha akashinda tena. Na mwaka 2019 chama cha riadha cha dunia kikampa Bruda Colm tuzo kwa kazi yake ya ufundishaji.

Mmeona? Sehemu kubwa ya sifa zake ilikuja baada ya siku ile ambayo sisi tungalisema, "Mzee amemaliza kazi." Kama angalikuwa mtu wa kufuata saa ya serikali tu, Rudisha angaliendelea kuzunguka mita 400, wala pengine tusingalimjua. Serikali na shirika huweza kumstaafisha mtu katika cheo. Haziwezi kumstaafisha katika yale aliyoyaona. Mwalimu aliyewatazama watoto miaka 30 anayo macho ambayo kijana aliyetoka chuoni jana hana bado, hata kama kijana huyo anajua vitabu vipya zaidi. Macho hayo ni mali yetu sote, nasi tunayaacha yakae barazani yakitazama kuku.

Sasa niseme kidogo juu ya namna yake ya kufundisha, maana walimu wataniuliza.

Kwanza, hakuwa na haraka. Kijana akija kwake, hakumpima kwa ushindi wa mwaka huo. Alimfundisha kusimama vema, kulegeza mabega, kukimbia kwa wepesi bila kujikaza. Kasi ilikuja baadaye, kama mahindi yanavyokuja baada ya mvua na palizi. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, nasi twalisema neno hilo kila siku, lakini tukiona mtoto mwenye kipaji twataka avune kabla hajapanda. Watoto wengi waliosukumwa mapema miguu yao imeharibika, au mioyo yao imechoka, kabla hawajafika miaka 20.

Pili, wakubwa na wadogo aliwaweka pamoja. Bingwa wa dunia alifanya mazoezi yake na vijana wa shule wasiojulikana. Mkubwa akajifunza unyenyekevu, na mdogo akaona kwa macho yake kwamba bingwa naye hutoka jasho, huchoka, na hufunga kamba za viatu kama yeye.

Tatu, hakuwa mchuuzi wa watoto. Mtawa ameweka nadhiri ya ufukara, naye hakukaa uwanjani kungojea fungu lake katika zawadi za vijana. Jambo hili linafaa tulishike sana siku hizi, maana michezo imekuwa na fedha nyingi, na penye fedha huja watu wa kila namna.

Nne, hakuwaacha wasichana. Shule ya Mtakatifu Patrisi ni ya wavulana, lakini kambi zake zilipokea na wasichana. Lydia Cheromei, aliyekuwa mmoja wa vijana wake, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika za vijana huko Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1991, akiwa bado mtoto wa miaka 13.

Hapa, ndugu zangu, sina budi kusema neno la uchungu. Mji ule ule wa Iten, ambao lango lake limeandikwa kwamba ni nyumba ya mabingwa, mwezi wa Oktoba 2021 ulipatwa na msiba mkubwa. Agnes Tirop, mkimbiaji aliyepata medali za shaba za mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya miaka ya 2017 na 2019, alikutwa ameuawa nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 25, na mwezi mmoja tu uliopita alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilometa 10 katika mbio za wanawake peke yao. Wakimbiaji wenzake walipokwisha kumlilia wakaunda chama kwa jina lake, kuwatetea wanawake wanaoteswa. Nasema habari hii mbele ya watoto kwa makusudi, ili tusidanganyike. Kasi ya miguu haimlindi msichana. Medali haimlindi. Kinacholinda ni watu wazima waaminifu walio karibu naye, wanaomwuliza habari zake na kumsikiliza, nao hawataki kitu kwake. Mwalimu wa michezo aliye mwema ni mmoja wa watu hao. Naye mwalimu wa michezo aliye mbaya ni chui ndani ya zizi, na wazazi wana haki na wajibu wa kumtazama, hata kama anashinda vikombe vyote vya mkoa.

Basi turudi nyumbani kwetu.

Tangu Wamisionari Wabenedikto walipofika Peramiho mwaka 1898, neno "mwalimu" katika nchi hii ya Ungoni limekuwa na maana pana. Misioni ilichomwa moto katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa tena, na shule za vijijini zikaenea. Katika shule hizo mtu mmoja ndiye aliyefundisha kusoma na kuhesabu, ndiye aliyefundisha katekisimu, aliyepiga kengele, aliyeongoza nyimbo, na jioni ndiye aliyekuja na mpira, akaingia uwanjani pamoja na watoto. Sisi makatekista tungali tunaitwa walimu hata leo kwa sababu ya urithi huo. Serikali ilipozitwaa shule za misioni kwa sheria ya mwaka 1969, kazi hizo ziligawanyika, na labda ilifaa zigawanyike, maana mzigo ulikuwa mkubwa mno kwa mtu mmoja. Lakini katika kugawanya, kazi ya uwanjani mara nyingi haikupata mwenyewe. Ilibaki kama mtoto wa kila mtu, ambaye mwisho wake hulala njaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, yale ya UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa nchini kwa miaka kadhaa. Yalirudishwa baadaye, lakini kizazi kimoja cha watoto kilipita bila kujua filimbi ya mwalimu. Hata baada ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, zile medali mbili za Bayi na Nyambui za mwaka 1980 zilikuwa bado ndizo medali pekee za Tanzania katika Olimpiki zote. Sisemi kwamba sababu ni moja. Nasema tu kwamba mti wa matunda hautoki kwa kuuombea peke yake. Sharti awepo mtu wa kuumwagilia maji jioni, wakati wengine wanakwenda zao.

Tena hatuhitaji kumpata Rudisha hapa Mpitimbi ili tujue kwamba kazi hii ina faida. Kati ya watoto elfu waliopita katika uwanja wa Bruda Colm, wengi hawakupata medali yoyote. Walikuwa wakulima, walimu, wauguzi, baba na mama za watu. Hao nao walifundishwa kuamka mapema, kushindwa bila kutukana, kushinda bila kujivuna, na kumngojea mwenzao aliyeanguka. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto alitwaa mfano wa wakimbiaji wanaojinyima mambo mengi kwa ajili ya taji linalonyauka. Alijua kwamba kijana aliyezoea kujitawala uwanjani amekwisha kujifunza nusu ya yale tunayotaka kumfundisha kanisani. Mimi nimefundisha watoto wa komunyo ya kwanza miaka mingi, nami nawaambieni kwamba mtoto anayejua kucheza pamoja na wenzake huielewa haraka zaidi habari ya msamaha.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne, nami nayasema kwa ufupi, kwa maana naona jua limekwisha kupita juu ya mwembe.

Ninyi walimu mlio kazini, waiteni walimu waliostaafu. Msiwaite siku ya sherehe tu, kuja kula wali. Waiteni siku ya kazi. Wawekeeni kiti kando ya uwanja, waulizeni wanaona nini. Mzee asiyeweza tena kukimbia aweza kuona mtoto anayeburuta mguu, na mtoto anayekaa peke yake, na msichana aliyeacha kucheka tangu wiki iliyopita.

Ninyi wazazi, waacheni watoto wapate saa moja ya jioni uwanjani, wavulana na wasichana pia. Najua kuna kuni, kuna maji, kuna mahindi ya kupukuchua. Lakini ndoo ya maji yaweza kugawanywa, kaka akachukua na dada akachukua, ili wote wawili wawahi kufika. Na mnapowaachia, nendeni pia mkatazame. Uwanja wenye wazazi ni uwanja salama.

Ninyi vijana mliokwisha kusoma na kupata kazi Songea mjini, au Dar es Salaam, au mbali zaidi: mkirudi Krismasi, nendeni mkamsalimu mwalimu wenu kabla hamjamaliza siku tatu. Msimpelekee sifa tu. Mwulizeni kama anayo dawa, kama paa lake linavuja, kama anayo nguo ya baridi. Sisi watu wa Songea twajua kushangilia. Tukiwa kwenye uwanja wa Majimaji sauti zetu husikika mbali. Lakini mzee aliyekufundisha kushika kalamu hasikii shangwe za uwanjani. Husikia hodi mlangoni kwake.

Nanyi wazee wetu walimu mlioketi mbele, nanyi mnalo ombi langu. Msikubali kuambiwa kwamba mmekwisha. Mstaafu akijifungia ndani, hujiona kama jembe lililotundikwa. Bruda Colm hakungoja barua ya kumwita. Alitoka asubuhi, akaenda walipo watoto. Nanyi tokeni. Kama miguu haiwezi kufika uwanjani, watoto watakuja barazani kwenu. Wafundisheni bao, wafundisheni hadithi, wasahihishieni maandishi yao. Mlituona sisi tulipokuwa wadogo, mkajua ni nani atakayekuwa nani, hata kabla sisi wenyewe hatujajua. Watoto wa leo nao wanahitaji mtu wa kuwaona.

Jubilei ni wakati wa kuhesabu. Kitabu hiki chetu kitahesabu makanisa yaliyojengwa, shule, zahanati, mapadre na masista waliotoka katika familia zetu, na hiyo ni haki. Lakini kuna hesabu nyingine isiyoandikwa mahali popote: ni saa za jioni ambazo walimu waliwapa watoto wasiokuwa wao, bila mshahara, bila shahidi. Mungu anayo hesabu hiyo. Sisi, tuwezalo ni kuwashukuru wangali wanasikia.

Naomba sasa walimu wote waliostaafu wasimame, na wasioweza kusimama wainue mikono. Nasi wengine sote, wanafunzi wao, tuwapigie makofi. Kisha kila mtu aende akamshike mkono aliyemfundisha.

Tumsifu Yesu Kristu.